Hajati wa Kilembe na sadaka ya mto: kipi utoe, kipi uusie, kipi ukiache

Hajati mmoja wa Kilembe, wilayani Kasese, ameniandikia barua ndefu ambayo naifupisha hapa kwa idhini yake. Ni muuguzi mstaafu mwenye umri wa miaka 64. Mumewe alifariki mwaka 2023 bila kuacha wosia, na watoto wao wanne wote ni watu wazima. Mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Kampala, na mwingine anaishi Leicester, Uingereza. Familia ina shamba la ekari tatu linaloteremka hadi Mto Nyamwamba, ambalo bado liko katika jina la marehemu. Yeye mwenyewe ana vyumba viwili vya kupangisha mjini Kasese, alivyovinunua kwa mafao yake ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), na akiba ya shilingi milioni 6 katika sacco. Aliyaona mafuriko ya Mei 2013, akayaona tena ya Mei 2020 yalipoiharibu hospitali ya Kilembe, na sasa anataka kuweka sadaka ya kuendelea kwa kikundi kinachopanda mianzi na miti kwenye kingo za mto huo. Amepewa kijitabu cha shirika moja la mazingira la Marekani chenye orodha ndefu ya njia za kutoa, naye anauliza: "Katika hizi zote, ipi inanifaa mimi, na nitafanyaje ili nisiwaachie watoto kesi?"

Wa alaykum salaam, Hajati. Nianze na kijitabu, kwa sababu ndicho kilichokuchanganya. Sehemu kubwa ya njia zilizomo zimejengwa juu ya kodi za Marekani: kule mali ya tajiri anayefariki inaweza kutozwa kodi, hisa zilizopanda thamani hutozwa zinapouzwa, na mtu anaweza kulikabidhi shirika mali yake leo kisha shirika likamlipa kipato maalumu hadi atakapokufa. Uganda haina kodi ya mirathi, kwa hiyo sababu kuu ya mipango hiyo haipo kwetu. Ama kumpa mtu mali kwa ahadi ya kulipwa hadi kifo, hilo nisingekushauri ulifanye na kikundi chochote cha kijijini, hata kama viongozi wake ni malaika, kwa sababu siku fedha zitakapokosekana hakuna mdhamini utakayemshika. Ukiondoa hayo, kwako yanabaki mambo machache: kutoa ukiwa hai, kuusia, na kuweka wakfu. Yote matatu unayajua tangu madrasa, na tatizo lako liko katika mali yenyewe utakayoitoa.

Umeandika kwamba unataka kutoa "ile ekari ya chini, ya kando ya mto". Ekari ile si yako kuitoa. Mumeo alifariki bila wosia na shamba liko katika jina lake, kwa hiyo hadi mahakama itoe barua za usimamizi wa mirathi na mali igawanywe, shamba lote ni mirathi ya marehemu, si yako wala si ya watoto. Tukihesabu kwa Kiislamu, fungu la mjane mwenye watoto ni thumuni, yaani moja ya nane. Tukihesabu kwa sheria ya mirathi ya Uganda kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, mjane hupata asilimia 20, watoto asilimia 75, ndugu waliomtegemea marehemu asilimia 4, na mrithi wa kimila asilimia 1, huku nyumba ya familia ikilindwa ili mjane aendelee kukaa. Ekari moja ni theluthi ya shamba, na kwa hesabu yoyote utakayoichagua, fungu lako ni dogo kuliko hilo. Ukisaini leo karatasi ya kukipa kikundi ekari hiyo, hata mbele ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na mhuri wake, utakuwa umetoa mali ya watu wengine, na mtoto mmoja tu akienda mahakamani, karatasi hiyo itaanguka. Kesi unayoiogopa inaanzia hapo hapo, katika nia yako njema.

Kuna jambo jingine kuhusu kipande hicho ambalo huenda hujaambiwa. Kanuni za mwaka 2000 kuhusu maeneo oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinaweka ukanda wa hifadhi pembezoni mwa mito: mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa, na mita 30 kwa mito mingine. Ndani ya ukanda huo mwenye ardhi anabaki na ardhi yake, lakini hana ruhusa ya kujenga wala kulima apendavyo. Maana yake ni kwamba sehemu ya ekari ya chini tayari imefungwa na sheria, na kinachokosekana pale ni mtu wa kupanda na kutunza, wala hakuna haja ya mmiliki mpya. Kikundi kikipewa umiliki kitapata pia gharama za kupima, kuhamisha hati na kulinda mipaka, fedha ambazo zingenunua miche.

Kwa hiyo shamba liache kwa watoto, na ukipe kikundi kitu chepesi zaidi: makubaliano ya maandishi ya kutumia ukingo. Wewe na watoto wote wanne mtasaini, yule wa Leicester naye asaini, kwamba kikundi kinaruhusiwa kuingia, kupanda, kupalilia na kulinda miti katika ukanda wenye urefu na upana uliotajwa kwa mita, kwa miaka 15 kwa mfano, na kwamba familia haitakata bila ya kushauriana nacho. Andikeni pia nani atavuna mianzi ikikomaa, maana mianzi ina soko, na penye soko undugu hupata mtihani. Barua za usimamizi zikishatoka, makubaliano hayo yathibitishwe upya na msimamizi wa mirathi. Kama baadaye mtataka ulinzi wenye nguvu zaidi, sheria ya mazingira inatambua haki ya mazingira inayowekwa na mahakama juu ya ardhi, ambayo hubaki na ardhi hata ikiuzwa. Lakini hiyo ni hatua ya pili, na kwa familia inayoelewana makubaliano yanatosha.

Sasa vyumba vya Kasese. Hivi ni vyako, hati iko katika jina lako, na hapa ndipo sadaka yako ina miguu. Unauliza kama unaweza kuweka chumba kimoja wakfu. Kwa sheria ya dini unaweza, na kwa sheria ya nchi wakfu huvikwa nguo ya hati ya amana, yenye wadhamini waliotajwa na kazi iliyotajwa. Kikwazo ni kwamba vyumba vyote viwili viko katika hati moja, chini ya paa moja, na kukitenga kimoja kisheria kutadai upimaji na gharama zisizolingana na thamani yake. Halafu wakfu haurudi. Ukishaweka, umeweka, na Waislamu wa Uganda hawahitaji kukumbushwa jinsi mali za wakfu zilivyowahi kuishia mahakamani kwa sababu ya wasimamizi. Mimi ningeanza na kodi ya pango kabla ya kugusa jengo.

Tuseme kila chumba kinaleta shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 3,600,000 kwa vyumba viwili. Kodi ya serikali juu ya mapato ya pango kwa mtu binafsi ni asilimia 12 ya kile kinachozidi shilingi 2,820,000. Kilichozidi ni 780,000, na kodi yake ni 93,600. Ukitoa nusu ya kinachobaki, kikundi kitapata zaidi ya shilingi milioni 1.7 kila mwaka, nawe utabaki na nusu nyingine, na jengo. Fanya hivyo kwa miaka miwili. Lipa kwa awamu mbili, kabla ya mvua za Machi na kabla ya zile za Agosti, kupitia akaunti ya benki iliyo katika jina la kikundi. Usipeleke kwenye simu ya mweka hazina. Sisemi hivyo kwa sababu ya ile kodi ya asilimia 0.5 inayokatwa fedha zinapotolewa kwenye simu. Nasema kwa sababu simu ni ya mtu, na mtu huhama, hufa, au hupoteza laini. Baada ya misimu minne utakuwa umekijua kikundi kwa matendo yake, na ndipo uamue kama wanastahili kuwamo katika wosia wako.

Katika miaka hiyo miwili, swali la kuwauliza si "mmepanda miche mingapi?" Kila mtu hupanda. Nimesimama kwenye ukingo ambako miche ya mianzi ilitiwa ardhini mwezi wa Machi mbele ya wageni na kamera, na kufikia Julai mbuzi walikuwa wamebakiza vijiti vya urefu wa kidole, vimepangwa kwa mistari iliyonyooka kweli kweli. Waulize ni miche mingapi iko hai baada ya kiangazi cha pili, nani analipwa kupalilia, na uzio umegharimu kiasi gani. Kikundi kinachokuonyesha bajeti ya kupalilia kinafanya kazi.

Waulize pia wao ni nani mbele ya sheria. Vikundi vingi vya aina hii husajiliwa wilayani kama vikundi vya kijamii, na usajili huo unawaruhusu kufanya kazi lakini kwa kawaida hauwapi uwezo wa kumiliki ardhi kwa jina lao bila wadhamini waliosajiliwa. Shirika kubwa zaidi lililo chini ya sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2016 litakuwa na cheti cha usajili pamoja na kibali cha kuendesha shughuli, na kibali kina tarehe ya kwisha: isome. Tangu mwaka 2024 kazi za ofisi iliyosimamia mashirika hayo zimerudishwa ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na huko ndiko unakoweza kuhakikisha. Omba hesabu zao za mwaka uliopita. Mwenye hesabu safi hukasirika kidogo, kisha anakuletea.

Kwa wale wasomaji wengine watakaotaka kulipatia shirika la kimataifa ardhi, watambue kwamba asiye raia, ikiwemo kampuni inayodhibitiwa na wasio raia, hawezi kumiliki ardhi ya mailo (umiliki wa kudumu wenye asili ya Buganda) wala ya umilikaji huru nchini Uganda. Anaweza kupewa ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Na mwenye mke au mume hai asiguse ardhi ya familia bila idhini ya mwenzake.

Tuje kwenye wosia, ambao ndio moyo wa swali lako. Dini imekuwekea mpaka: unaweza kuwausia wasio warithi hadi theluthi ya mali itakayobaki baada ya madeni na gharama za mazishi, na Mtume (s.a.w.) alipoiruhusu theluthi alisema kwamba theluthi ni nyingi. Angalia inavyokugusa. Tuseme vyumba vyote viwili vina thamani ya shilingi milioni 36, na sacco ni milioni 6. Jumla ni milioni 42, tukiacha fungu lako la shambani ambalo halijagawanywa. Theluthi ni milioni 14. Chumba kimoja ni milioni 18. Ukiusia "chumba kimoja kwa kikundi", umepita mpaka kwa milioni 4, na warithi wana haki ya kukataa ziada hiyo. Ungekitoa ukiwa hai na mwenye afya, mpaka huo usingekubana. Lakini sadaka inayotolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wosia.

Ndiyo maana nakushauri usitaje kitu wala kiasi, utaje sehemu. Kiasi kilichotajwa huliwa na kupanda kwa bei. Kitu kilichotajwa kinaweza kuuzwa kabla ya kifo chako, na wosia ukabaki unaelekeza mahali patupu. Sehemu hupanda na kushuka pamoja na mali, na watoto hawapunjwi kuliko kikundi wala kikundi kuliko watoto. Kwako wewe ningependekeza moja ya sita. Maneno yanaweza kuwa hivi: "Sehemu moja ya sita ya mali yangu yote itakayobaki baada ya kulipa madeni yangu na gharama za mazishi yangu naiusia kwa," kisha jina kamili la kikundi, namba ya usajili na anwani, "kwa ajili ya kutunza kingo za mito wilayani Kasese, na ikiwa wakati wa kufa kwangu kikundi hicho hakipo au hakifanyi tena kazi hiyo, wasii wangu alipatie fungu hilo shirika jingine lililosajiliwa Uganda linalofanya kazi inayofanana nayo." Nimeandika "kingo za mito wilayani Kasese" badala ya "mianzi ya Nyamwamba" kwa makusudi. Mto unaweza kuhama, mianzi inaweza kugunduliwa kuwa haifai mahali fulani, na sharti jembamba mno humfunga mikono yule unayetaka kumsaidia. Yale maneno ya mwisho, ya kikundi kuwa hakipo tena, nayo usikubali yaondolewe. Niliwahi kushughulikia wosia wa mzee aliyekiachia chama kimoja cha watunza msitu fedha nzuri tu. Alipofariki chama kilikuwa kimekufa miaka sita kabla yake, na fedha zikarudi kugawanywa kwa watu ambao hawakuwa wamepanda hata mche mmoja.

Siku ya kusaini, kaa mezani na mashahidi wawili wazima wa akili wakuone ukitia saini, kisha nao watie zao mbele yako wakiandika majina na anwani. Saini kila ukurasa. Mashahidi wasiwe watoto wako, wasiwe wake wala waume wa watoto wako, na ingawa sheria haiwataji, wasiwe viongozi wa kikundi. Shahidi anayepewa kitu katika wosia, au ambaye mwenzi wake amepewa, wosia unabaki hai lakini zawadi hiyo inabatilika. Bibi mmoja alimwachia jirani yake ng'ombe wa maziwa kwa kumuuguza miezi minane, na jirani huyo huyo ndiye aliyeitwa kushuhudia kwa sababu alikuwa anajua kusoma. Ng'ombe alirudi kwa warithi. Nakala moja ikae kwa wasii, yaani mtekelezaji wa wosia, nyingine kwa wakili, benki au ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi wa serikali. Na kama kuna mtu unayemlea, mjukuu au ndugu asiyejiweza, mtaje na umwekee kitu, kwa maana mahakama ina uwezo wa kuupanga upya wosia uliomsahau mtegemezi.

Akiba ya sacco inahitaji maneno machache tu. Ulipojiunga ulijaza jina la mteuliwa wa kupokea fedha ukifariki. Wengi huwa wameandika mume au mke ambaye sasa hayupo. Nenda ukaangalie, na usome masharti ya sacco yenu kama mteuliwa anaweza kuwa kikundi au lazima awe mtu.

Wengine wataniuliza mbona sijataja hatifungani za serikali. Kwa asiye na kipingamizi cha riba ni njia nzuri: Benki Kuu ya Uganda huziuza kuanzia shilingi 100,000, hulipa kila baada ya miezi sita, na kodi ya zuio ni asilimia 20, au 10 kwa zile za miaka 10 na kuendelea. Mtu anaweza kubaki na mtaji na kuielekeza faida kwa shirika. Fikra hiyo si ngeni kwetu. Mfuko wa hifadhi wa Bwindi na Mgahinga ulianzishwa mwaka 1994 kwa mtaji wa takriban dola milioni 4 kutoka mfuko wa mazingira wa dunia. Mtaji uliwekezwa, na faida yake ikapangiwa kazi: asilimia 60 kwa miradi ya wanakijiji wanaopakana na msitu wa masokwe, 20 kwa utafiti na 20 kwa uendeshaji wa hifadhi. Ukiutazama vizuri, ni wakfu kwa jina jingine, na wewe na kodi yako ya pango mnafanya jambo lile lile bila riba.

Wanao nao wana nafasi zao. Yule wa Kampala, kama biashara yake inalipa kodi ya mapato, anaweza kuondoa katika hesabu zake sadaka isiyozidi asilimia 5 ya mapato yanayotozwa kodi. Kwa mapato ya milioni 40, ni hadi milioni 2. Sharti ni kwamba anayepokea awe ni taasisi ya hisani yenye barua ya URA (mamlaka ya mapato ya Uganda) inayothibitisha msamaha wake, na vikundi vingi vya kijijini havina barua hiyo. Binti wa Leicester akikutumia wewe fedha, ni msaada kwa mama na basi. Akitoa kupitia shirika la hisani lililosajiliwa Uingereza lenye kazi Uganda, na kama analipa kodi ya kutosha huko, shirika hilo hudai kutoka serikali yao peni 25 juu ya kila pauni aliyotoa.

Kabla ya kusaini chochote, waite wote wanne, yule wa mbali kwa simu, uwasomee kifungu cha moja ya sita kwa sauti yako mwenyewe. Mtoto aliyekisikia kwa mama yake hupata shida kumwambia hakimu kwamba kikundi kilimrubuni. Kisha uje ofisini na cheti cha kifo cha marehemu kutoka NIRA (mamlaka ya vitambulisho na usajili), barua ya LC1, hati ya vyumba, kitabu cha sacco na katiba ya kikundi, na hiyo ya mwisho ndiyo watu husahau.